Dawati la Bwana

Bi Desimali alikuwa mtu wa kusikika kabla ya kuonekana. Viatu vyake viligonga sakafu ya korido, ko, ko, ko, na darasa la saba lililokuwa likivuma kama mzinga wa nyuki likatulia tuli. Alikuwa na jina lake kama watu wote, lakini nani alilijali? Mwanafunzi akikosea mahali pa kuweka nukta, mwalimu huyu alimnyang'anya maksi na kumwongezea maneno, ndipo jina hilo likamganda. Alikuwa mnene, mwepesi wa hasira, na sauti yake ilifika langoni. Mume wake, dereva mstaafu, aliwaambia majirani kwamba nyumbani kwake hapahitajiki saa ya ukutani: akimsikia mkewe anagombana na mtu pale kwenye kona, anajua wakati wa kupakua sahani mbili umefika.

Watu walidhani ukali ule alizaliwa nao. Wapi! Alilelewa kwa mjomba wake, katika nyumba iliyojaa watoto wa wenyewe, akawa yule anayekumbukwa vyombo vinapotaka kuoshwa. Siku moja walisafiri wote wakamfungia ndani, tena si kwa ubaya. Walimsahau tu. Alikaa dirishani mpaka waliporudi, na huko dirishani akajiapiza kwamba hakuna atakayemsahau tena. Ni kweli, nani angethubutu?

Shule aliyofundisha ilikuwa shule ya kati ya kanisa, ya kulipia, yenye sweta la bluu na ibada kila asubuhi kabla ya masomo. Ilikuwa na desturi yake. Katika kila darasa, safu ya mwisho kando ya dirisha, dawati moja liliachwa tupu, nalo likaitwa la Bwana. Watoto walilifuta vumbi na hawakuweka begi juu yake. Siku ya jaribio walilisogelea mmoja mmoja, wakainama mpaka midomo ikakaribia ubao, wakanong'ona shida zao, kisha wakaondoka bila kutazama nyuma. Hakuna aliyelikazia macho. Hata mwalimu mpya, akishakaa wiki chache, macho yake yalijifunza kuruka pale bila kuambiwa na mtu.

Katikati ya muhula akaletwa binti wa fundi cherehani, yule mama aliyeshona sare za shule. Alikuwa mwembamba, mpole, na kwenye hesabu alikuwa moto wa kuotea mbali. Darasa lilikuwa limejaa pomoni. Seremala alikuwa ameahidi dawati jipya Ijumaa, na ahadi za maseremala tunazijua.

"Akae wapi, mwalimu?" aliuliza monita, kijana mwenye masikio makubwa na daftari chafu.

"Pale nyuma."

Darasa likaguna. "Lakini mwalimu, lile ni la..."

"Bwana hafanyi mtihani," alisema Bi Desimali. "Huyu anafanya. Kaa, mwanangu."

Binti akakaa. Dawati likalia kidogo, kama kitanda cha zamani kinapopata mtu.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Binti alinyoosha mkono kabla swali halijaisha, na Bi Desimali alifurahi moyoni ingawa usoni alibaki mkavu. Kisha ikafika siku ya jaribio. Bi Desimali aliingia mapema akamkuta monita ameinama juu ya dawati lile, ananong'ona, mdomo wake karibu uguse vidole vya binti. Binti alikuwa amekaa pale pale, anamtazama, machozi yanamlengalenga.

"We! Huna adabu? Huoni unamsemea mwenzako usoni?"

Monita akashtuka. Akatazama dawati, akamtazama mwalimu. "Mwenzangu nani, mwalimu?"

Bi Desimali alidhani anafanyiwa mzaha, akamfukuza kwa maneno makali. Lakini jioni, aliposahihisha karatasi zote na kuzifunga, ndipo alipokumbuka kwamba ya binti hakuikusanya. Wiki iliyofuata aliuliza swali ubaoni, akangoja, akafoka, "Yaani hakuna hata mmoja anayejua?" Aligeuka kufuta ubao, na kwa pembe ya jicho akauona mkono mwembamba, umenyooka juu, unatetemeka kwa kuchoka. Mkono ule ulikuwa juu tangu kipindi kilipoanza.

Akamhamisha saa ile ile, akamketisha mbele kati ya wasichana wawili. Alipoingia kipindi cha mchana, wale wawili walikuwa wamesogeleana, bega kwa bega, wanachekeana, na binti alikuwa amerudi kando ya dirisha.

Kesho yake fundi cherehani alikuja ofisini, futi ya kupimia nguo bado imemning'inia shingoni.

"Mwalimu, nina neno. Utaniona nimerukwa na akili."

"Sema tu, mama."

"Napakua chakula, nafunika sufuria, tunaanza kula. Halafu ndiyo namwona. Amekaa pale pale, ananitazama, hana sahani. Halii wala hasemi." Akajifuta uso kwa upindo wa khanga. "Mimi ndiye niliyemzaa, mwalimu. Mama gani anamsahau mtoto aliye mbele yake?"

Bi Desimali alifungua mdomo kumuuliza, mtoto gani? Akauma ulimi kwa wakati. Hofu ilimshika, hofu ya kweli, ile aliyokuwa nayo dirishani kwa mjomba. Mtoto alikuwa anaisha, na aliyemketisha pale ni yeye.

Angeweza kumwendea mchungaji wa shule. Mchungaji angeomba, kisha angeunda kamati, na kamati ingekaa mpaka mtoto amalizike. Akaenda darasani mwenyewe. Wenzake walikuwa nje wanacheza, binti yuko peke yake.

"Kwa nini ulirudi huku nyuma?"

"Sikurudi kwa kupenda, mwalimu. Wenzangu walisogeleana, nikajikuta nimesimama, miguu ikanileta." Sauti yake ilisikika kwa mbali, kana kwamba anaongea kutoka chumba cha pili. "Dawati halitaki tena kukaa tupu. Limeshaonja uzito."

"Nani kakwambia?"

"Hakuna. Ukikaa hapa unajua. Na unawasikia wote wanavyoomba, ila ukiwajibu hawasikii."

Bi Desimali alimfikiria mumewe, mkono wake kwenye mwiko. Kisha akapiga moyo konde.

"Kama ni uzito linataka," alisema akijipiga kiunoni, "mimi ninao wa kugawa."

Hawakucheka. Asubuhi iliyofuata, shule nzima ikiwa kwenye ibada, alimshika binti mkono akamtoa, akamketisha kwenye kiti chake mwenyewe, kile cha mwalimu, mbele ya darasa. "Usiinuke mpaka wakuite kwa jina," alimwambia. Kisha akaenda nyuma, akajibana kwenye dawati la Bwana. Dawati likalia, likanyamaza. Ubao wake ulikuwa na joto.

Wakaingia.

"He! Unakaa kiti cha mwalimu, utauawa!" msichana mmoja alipiga kelele, akamwita binti kwa jina lake. Wengine wakamzunguka. "Ulikuwa unaumwa? Mbona hatukuoni siku hizi? Njoo, njoo ukae na sisi." Wakamvuta, wakambana katikati yao, wakamshika mikono. Bi Desimali alilia kwa furaha, na hakujali nani angemwona.

Hakuna aliyemwona.

Monita alikuja nyuma. Akalifuta dawati kwa mkono wa sweta, akainama, na pumzi yake ikamgusa mwalimu shavuni.

"Bwana," alinong'ona, "naomba leo Bi Desimali asije. Hesabu zake sijafanya."

"Lete daftari hapa!" Bi Desimali aliipaza ile sauti yake ya kufika langoni.

Monita akajinyoosha, akatabasamu kama mtu aliyetua mzigo, akarudi mahali pake. Jua lilikuwa linapanda dirishani. Bi Desimali aliwaza jioni, kona isiyo na ugomvi, na mzee wake akipakua sahani moja bila kujua kwa nini mkono umesita.

Mbele, kati ya wenzake waliokuwa wakicheka, binti wa fundi aligeuka. Macho yake yakalifikia dirisha, yakapita, yakarudi, yakatafuta. Kisha akaunyoosha mkono juu, akielekea nyuma ya darasa, wala hakuushusha.