Mtoto Aliyeanuliwa na Karafuu

Alhamisi, 9 Agosti. Asubuhi mawingu na upepo wa kusi.

Jamaa zangu, leo nimemwanua mwanangu pamoja na karafuu.

Zuwena ana miezi mitano. Mchana halali zaidi ya dakika ishirini; wiki nzima nampima kwa saa yangu ya mfukoni na kuandika daftarini.

Mama yake, Mize, hajapumzika siku tatu. Asubuhi aliniambia, "Leo asipolala, naenda kwetu Msuka. Nakuachia mtoto na hiyo saa yako."

Saa sita na dakika tano Zuwena akasinzia. Nikamlaza uani, kivulini, juu ya ukingo wa jamvi tulilotandazia karafuu, nikakaa kuhesabu.

Dakika ya kumi na nane, Bi Time, bibi yake Mize, akapiga kelele: "Mvua! Anueni!"

Mnajua tulivyo. Mpemba akisikia hivyo hafikiri, anakunja. Nikashika pembe mbili, Bi Time mbili, mbio mpaka ndani.

Ndipo kikachomoza kiguu.

"Mwalimu," akasema Bi Time, "karafuu yako hii ina vidole."

Mize akaja mkono juu, tayari kunizaba kofi. Akasita. Uso wa mtoto u wazi, alhamdulillahi, na anakoroma!

Nikainama nimtoe.

"Mguse uone," Mize akaninong'oneza, akajinyoosha sakafuni kando yake.

Sasa ni saa tisa. Jua limerudi, karafuu zimo ndani, Bi Time amenuna. Nani kati yenu angethubutu kulikunjua jamvi?

Zuwena bado amelala. Mize alilala saa sita na nusu.