Sherali na Mjomba wa Mosi

Pale Msamvu bado wapo wanaosema kwamba mume wangu, marehemu Sherali, alimwiba kijana wa watu mlimani ili apate sifa kwenye besiboli. Si kweli. Sherali hakumwiba mtu. Alibisha hodi mlango usiohusika, na kosa hilo alilisahihisha mwenyewe.

Alikuwa muuza misumari na mabati, kama baba yake. Besiboli ilimpata ukubwani, alipoiona ikichezwa Dar es Salaam, akarudi na wazo la kuunda timu. Alishauriwa achukue vijana wa Dar waliokwisha kuiva. Akakataa. "Timu ya Morogoro nitaitoa Morogoro."

Akaokota vijana Mafiga na Mazimbu. Siku moja, akipeleka mabati Kinole, kijiji cha mlimani, akamwona Mosi, kijana aliyemaliza kidato cha nne, akifukuza ngedere kwenye mahindi. Jiwe lake lilimpata ngedere akiwa mbioni. Sherali akaacha mabati njiani, akaenda kumwomba baba wa kijana amruhusu. Baba akakubali papo hapo. Mosi akahamia kwetu, akala mezani kwangu, na kwa mkono wake wa kurusha mpira timu ikaanza kushinda.

Wiki ya mechi na timu ya Dar, akaingia dukani Abdulswamad, kaka wa mama yake Mosi. Kiti alikikataa.

"Mosi, chukua nguo zako."

"Baba yake aliniruhusu," Sherali akasema.

"Yule ni shemeji yetu. Alikuja kuoa, hakuja kugawa watu."

Wakaondoka. Sherali, aliyezaliwa hapa na kuwauzia Waluguru bati maisha yake yote, alikuwa amesahau kwamba kwao mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno.

Jirani yetu Bhavesh, muuza vitambaa, alicheka mpaka akakohoa. "Mzee, umepeleka posa kwa jirani, unangoja bibi harusi! Piga simu Dar, uazime mrushaji."

"Nikiazima mmoja, si timu yangu tena. Bora nifungwe."

Kesho yake akapanda mlima na goti lake bovu. Nilifuatana naye, maana nilijua angeteleza, na aliteleza. Abdulswamad alikuwa uani akianika pilipili manga. Sherali, aliyemzidi umri kwa mbali, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mjomba."

Yule bwana akaruka. "Ah! Mzee, unanitia dhambini!"

"Kwa mjomba wa mchezaji wangu, mimi mtoto."

Abdulswamad akajitahidi asicheke, akashindwa. "Na akivunjika mkono?"

"Uje uuvunje wangu."

"Huo? Umekwisha chakaa, hautufidii."

Akamshika mume wangu bega, wakaenda nyuma ya nyumba, wawili tu. Waliporudi, Mosi aliambiwa afunge mzigo.

Jumamosi Mosi alirusha, na Abdulswamad aliketi kando yangu akiwazomea Dar kwa Kiluguru. Tulifungwa. Sherali alirudi nyumbani akiimba, kwa sababu kila aliyevaa jezi yake alikuwa wa hapa, na ametolewa na mwenye haki ya kumtoa.

Walichoahidiana nyuma ya nyumba ile Sherali aliniambia. Ni neno la koo mbili, na wanaouliza wamekwisha kuniuliza vya kutosha. Sisemi.