Dada Hodi na Gamba la Cuiyu

Wei Guilan hakuzaliwa na jina la Dada Hodi. Alipewa na wateja wake, watu wa mji wa Liuzhou nchini China, ambao hawakosi la kusema hata midomo ikiwa imejaa tambi. Kila asubuhi walimwona ameinama juu ya beseni la konokono wa mto, akiligonga kila gamba kwa ukucha na kuuliza, "Hodi?" Konokono asiyeitikia alikatwa mkia na kutiwa chunguni. Wateja wakahitimisha kwamba mvuke wa supu umempanda mpishi kichwani, kisha wakaagiza bakuli la pili.

Ukweli ni kwamba mmoja aliwahi kuitikia. Alikuwa konokono mkubwa wa kijani, ambaye Guilan alimwonea huruma akamweka katika mtungi wa maji nyumbani kwake, ghorofa ya sita. Jioni alikuta wali mezani. Kesho yake alijificha nyuma ya mlango, akamwona mwanamke akitoka mtungini huku akikamua nywele. Kila bibi wa mji ule anaijua hadithi hiyo, na wote husema kwamba mapishi ya mwanamke konokono hayana mfano. Bila shaka ilitungwa na wanaume wenye njaa. Wali wa huyu, aliyejitaja Cuiyu, ulikuwa umeungua chini, mbichi juu, na katikati chumvi tupu. Guilan aliula wote, akaomba na ukoko. Kama hayo si mapenzi, basi mapenzi hayajapata kuwapo.

"Hukasiriki nikiwachemsha ndugu zako?" alimwuliza baadaye.

"Ndugu? Wale ni konokono tu," alijibu Cuiyu. "Ila bisha hodi kwanza. Ni adabu."

Mara kwa mara Cuiyu aliingia gambani, akashuka mtoni kuwasalimu wa kwao, akarudi. Jambo hilo halikumsumbua yeyote isipokuwa Shangazi Pan wa ghorofa ya chini, aliyemwuzia Guilan machipukizi ya mianzi yaliyochachushwa, na mashauri ya bure.

"Mwanangu, mfichie gamba! Katika hadithi mume hulificha, mke akatulia."

"Mimi si mume, Shangazi."

"Ndiyo maana nasema! Huna hata cheti cha ndoa cha kumshikia. Na mto umefurika; akishuka safari hii, utamsikia kwenye bomba."

Guilan alinyamaza, kwa kuwa hofu hiyo ilimjia kila mvua iliponyesha. Shangazi Pan, ambaye hajawahi kungoja ruhusa ili atende wema, alichukua kimya kile kuwa ndiyo.

Siku iliyofuata gamba halikuonekana. Cuiyu alipekua hadi chini ya jiko, kisha akaketi sakafuni, midomo imemkauka. Guilan alikwenda kwenye kibanda chake cha tambi akiwa hana raha, akafunua mtungi mpya wa machipukizi ya Shangazi Pan. Ulikuwa ukitoa povu kama sabuni. Akazamisha mkono, akaligusa gamba. Ukingo wake ulikuwa umeanza kulainika. Shangazi Pan, mchachushaji wa miaka mingi, alikuwa amesahau kwamba ukali ule hula hata ganda la yai.

Kifuniko kilikuwa mkononi mwa Guilan. Kukirudisha tu kungetosha. Baada ya siku chache Cuiyu asingekuwa na pa kurudi. Alisimama nacho kwa muda ambao hakujivunia. Kisha akalitoa gamba, akapanda nalo ngazi za nyumbani mbio.

"Ulilificha?" aliuliza Cuiyu, ameziba pua.

"Alilificha Shangazi. Mimi nilitamani."

Cuiyu alimtazama, akalichukua gamba, akashuka mtoni bila kuaga. Jioni ile Guilan alipika wali mweupe, laini, wenye chumvi ya kiasi. Aliuacha mezani bila kuugusa.

Asubuhi, beseni likiwa mbele yake, harufu ya mianzi iliyochacha ilimfikia kutoka upande usio na mtungi.

"Wa kwetu wamenifukuza," alisema Cuiyu, akitua gamba juani. "Wanasema nanuka kama bakuli la tambi."

"Kwa hiyo umerudishwa na harufu."

"Ningerudi tu, mpenzi. Harufu imeniwahisha. Mwambie Shangazi asante, kisha umnyime supu."

Guilan aliinama haraka, machozi yakimlenga, akagonga gamba la mwisho ndani ya beseni. "Hodi?"

"Taratibu!" alisema Cuiyu. "Mpe nafasi aamke."

Akagonga tena, akangoja. Kimya. Akamkata konokono mkia, akamtia chunguni, akafunika.