Walipolala Pangoni

Katika kijiji cha makumbusho, waongoza wageni wenzake humwita Kasuku, naye hachukii. Maelezo ya nyumba za kale na pango lililo nyuma ya nyumba hizo huyatiririsha bila kukwama, hata akiwa na homa. Kumkatiza ni kama kusimamisha gari kwenye mteremko.

Siku baba yake alipokuja, mvua ilinyesha kutwa. Wageni wengine walikuwa mume na mke tu, wamejifunika makoti ya plastiki. Mzee, mwashi mstaafu, alikuwa amekataa kufika tangu bintiye aajiriwe. "Niende kutazama umaskini wangu umepakwa rangi?" ndiyo iliyokuwa kauli yake. Kasuku alijua jambo moja tu la utoto wa baba yake: wakati wa vita, bibi alimficha katika pango hilo hilo. Zaidi ya hapo mzee alifunga mdomo. Kwa hiyo alipomwona getini na mwavuli uliovunjika mbavu, alikimbia kumpokea. Leo atasema.

Ndani ya nyumba ya kwanza, paa la nyasi lilivuja.

"Mwambie bosi wako, aliyeezeka hapa hajawahi kulala humu," mzee alisema. Wageni wakacheka. Meneja, aliyesimama mlangoni, hakucheka.

Pangoni Kasuku aliinua taa. "Upande huu wa kulia walilala kina mama na watoto..."

"Siyo hapo," baba yake alisema taratibu. "Sisi tulilala..."

"Mzee wangu, maswali tutayachukua mwishoni."

Ilikuwa sauti ile ile ya wageni wote. Maneno yalimtoka kabla hajakumbuka anaongea na nani. Mzee aliushusha mkono uliokuwa umeanza kuonyesha.

Maelezo yalipokwisha, Kasuku aliuliza kama kuna swali, akimtazama yeye peke yake.

"Hakuna, dada. Umeeleza vizuri."

Jioni, nyumbani, alimmiminia chai. "Baba, mlilala wapi?"

"Si umesema kulia? Basi kulia. Wageni wameridhika."

"Nisamehe. Ni mdomo wa kazi."

"Naujua. Mimi mteja akiniuliza kama ukuta utadumu, mdomo ulikuwa ukijibu kichwa kingali njiani." Alipuliza chai. "Sijakasirika, mama. Kumbukumbu ilinijia pale pale, baada ya miaka yote hii. Sasa imerudi ilikotoka."

Kasuku aliuliza tena wiki iliyofuata, na mwezi uliofuata. Mzee alizungumzia magoti yake, bei ya saruji, majirani. Alifariki kabla mvua hazijarudi.

Baada ya mazishi, Kasuku aliingia pangoni peke yake kabla ya saa za kufungua. Alipapasa ukuta wa kushoto, kisha wa nyuma, akapanda hata kwenye jiwe la juu linalotosha mtu na mtoto wake. Mawe yote yalikuwa baridi, yote yangefaa. Nje alisikia kundi la kwanza likikung'uta miavuli. Alishuka, akajifuta mikono kwenye sare, akaanza na upande wa kulia, maana hakuwa na pengine pa kuanzia.