Vidonge Vilikaa kwa Mke Mwenzangu

Mume wangu aliporudi kijijini kwetu Samuye kutoka machimbo ya dhahabu ya Nyarugusu, hakuweza kuvuka uwanja wetu bila kusimama. Mashavu ya miguu yalimkaza, na kidole gumba kilikuwa na kidonda kisichopona. Katika hospitali ya misheni daktari alisema mishipa ya damu ya miguu imeziba, tumbaku imechangia, na moyo wake ni dhaifu mno kupasuliwa. Zilizobaki ni dawa: vidonge vya kuzuia damu isigande na vya kupanua mishipa, ameze baada ya kula. Aache kiko. Atembee mpaka maumivu yamsimamishe, apumzike, kisha aendelee.

Vidonge akakabidhiwa mke mwenzangu kwa kuwa alijua kusoma. Mimi nililima pamba na mume yule tangu mwenzangu hajaota meno, lakini vidonge vilifuata chakula, na chakula kikahamia kwake. Zamu yangu ikabaki jina tu. Nilisonga ugali ukapoa, huku nikimsikia mwenzangu ng'ambo ya uwanja akimwambia mume wetu, "Fumbua mdomo, mzee," nao wakicheka.

Nikaona kutembea hakujapewa mtu. Asubuhi moja nikampelekea fimbo, tukashika njia ya lambo la ng'ombe. Aliposimama, nilisimama. Katika kusimama huko alinisimulia habari za machimbo ambazo hakuwahi kumwambia mtu, na jinsi hamu ya kiko ilivyomtesa. Kidonda kikaanza kukauka. Mwenzangu akawa anatusindikiza kwa macho, hata siku moja akauliza kama yeye hana miguu. Siku hiyo nilikula nikashiba.

Mimba yake ilipokuwa kubwa alikuja jikoni kwangu na kopo la vidonge.

"Dada, naenda kwetu kujifungua. Cheupe asubuhi na jioni, cha njano mchana. Asimeze akiwa na njaa."

"Nitakumbuka."

"Najua utakumbuka. Ndicho kinachoniuma."

Nilimlisha mume wetu, nikampa dawa, nikatembea naye mpaka tukalipita lambo. Nilidhani sasa ni wangu.

Mwenzangu aliporudi na mtoto mgongoni, tulisikia basi likisimama barabarani. Mume wetu akainuka kwa miguu ile niliyoitembeza mimi, akaenda kumpokea, wala hakuniita.