Mfalme Mwenye Masikio ya Punda

Harufu ya makoti yaliyolowa mvua ilijaa darasani majira yale ya baridi, nilipokuwa na umri wa miaka tisa, miezi michache tu baada ya Mama kunileta Birmingham kutoka Kitale. Tuliishi mtaa wa Kingstanding, naye alitunza wazee kwa zamu. Kiingereza changu kilikuwa cha kuokoteza. Siku bangili ya Sophie, msichana wa darasa letu, ilipopotea, yeye alisema aliniona karibu na mkoba wake, na kabla sijapata maneno, mwalimu alikwisha kunihamishia meza ya nyuma, peke yangu. Tangu hapo hakuna aliyeketi nami. Nilikula chakula cha mchana nikitazama ukuta. "Vumilia, mwanangu," Mama aliniambia. "Ukweli ukidhihiri, uongo hujitenga." Nikangoja udhihiri.

Ndipo darasa letu likapelekwa mjini, kwenye jumba la makumbusho, kutazama michoro ya kalamu na wino ya mafundi wa Italia wa karne nyingi zilizopita. Wino ulikuwa umefifia ukawa wa hudhurungi. Mchoro mmoja ulinishika. Mfalme mwenye masikio ya punda ameketi, wanawake wawili wakimnong'oneza, na mwingine akimburuta kijana kwa nywele. Mwanamke mmoja mfanyakazi wa pale alitueleza kwamba kila mtu mle mchoroni aliwakilisha tabia fulani: wanaonong'ona ni Ujinga na Shaka, anayeburuta ni Masingizio. Nyuma kabisa, uchi, peke yake, alisimama Kweli, kidole chake kikielekea mbinguni.

"Na kijana huyu amefanya nini?" akauliza.

Mkono ulioinuka ulikuwa wangu. "Hakufanya kitu," nikasema, machozi yakanitoka.

Mwalimu alichuchumaa mbele yangu. "Ile bangili, uliichukua?" Ilikuwa mara yake ya kwanza kuniuliza.

"Hapana."

"Nilipaswa kukuuliza kwanza," akasema. "Samahani."

Kesho yake alinirudisha mezani pangu, akawaambia wenzangu kwamba alikosea. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nami haki nilipewa, ila upweke ukabaki palepale. Bangili haikuonekana, Sophie hakubadili neno, na wasichana waliendelea kusogeza mikoba yao kila nilipopita, hadi majira ya joto.

Leo binti yangu, mzaliwa wa jiji hili, anakaribia umri ule. Nikimsemesha Kiswahili hunijibu kwa Kiingereza, upesi, bila kutafuta neno. Hakuna atakayemhukumu kabla hajajitetea. Namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini akishapanda chumbani kwake na kufunga mlango, mimi hubaki jikoni nikiongea na sufuria kwa lugha yangu, na hakuna wa kuniitikia.