Marashi na Neno Lililobaki Mdomoni

Mama aliyeniuzia yale marashi hakutaka kuniuzia. Hilo nalikumbuka vizuri, maana sijaona tena muuzaji wa soko la Bunia akimzuia mteja mwenye pesa mkononi. Alinipulizia kidogo juu ya kiganja, akanusa, akanitazama kuanzia viatu hadi kola, akatikisa kichwa.

"Hii malasi si ya mutu wa haya," alisema. "Baba anapakala, mama anapakala, haina shida. Lakini inataka mutu mwenye akiingia, watu wanageuka. Weye, mwalimu, itakumeza."

Nilikasirika. Nilikuwa kijana bado, nafundisha darasa la pili, na nilikuwa na sababu yangu. Juma lile mwalimu wa darasa la jirani, mwanamke ambaye sote tulimwita madamu, alikuwa ameniambia mbele ya wenzetu: "Mwalimu, weye iko kama maji ya kuchemusha. Safi, lakini haina tamu." Walicheka mpaka direkta wetu, mkuu wa shule, akavua miwani na kujifuta machozi. Nami nilicheka, kisha nikaenda nyumbani na ule utani umenichoma kama mwiba. Nilimpenda yule madamu. Nilimpenda tangu shule ilipofunguliwa tena, milio ya risasi ilipohamia mbali na mji na watu wakaanza kusema amani, kwa sauti ndogo, kama mtu anayemwita kuku asiye wake.

Basi nikayanunua. Yalikuwa matamu kupita kiasi: vanila, asali, na nyuma yake kitu kikali kama tumbaku iliyokaa mfukoni mwa babu. Kesho yake nikajipulizia shingoni, kifuani, na kwa ujinga wangu hata kwenye nywele. Watoto wa mbele walipiga chafya. Direkta alifungua madirisha yote mawili ya chumba cha walimu. Mama wa sokoni alikuwa amesema kweli: marashi yaliingia mlangoni kwanza, mimi nikafuata.

Madamu akaja, akaushika mkono wangu, akaunusa kama mtu anayepima kama maziwa yameharibika. "Eee! Nani amekuvalisha shati ya mukubwa?" Kisha akaninyooshea mkono wake mwenyewe. Nilimpulizia mara moja tu.

Sijui nieleze vipi. Yale marashi yalitulia. Utamu uliokuwa ukipiga kelele juu yangu ulikaa juu yake kama uliokuwa ukimngoja. Alikuwa mtu wa kicheko kikubwa, wa kuingia bila kubisha, wa kumwambia direkta ukweli wake na papo hapo kumwomba chaki. Akiimba na watoto wake, wangu waliacha kuandika wakaimba naye. Siku ile nzima nilijua kila alikopita. Niliamua kwamba ile chupa ni yake, na kwamba siku ya kumpa ndiyo itakuwa siku ya kumwambia na mengine.

Nikachelewa. Ndivyo nilivyo, na ndivyo tulivyoishi wakati ule: leo njia ya Iga Barrière iko wazi, kesho imefungwa, kila jambo tunaliahirisha mpaka hali itulie. Halafu kijiji cha kwao, upande wa Djugu, kikachomwa. Mama yake na mdogo wake wa kike walifika Bunia kwa miguu na godoro moja, wakapewa nafasi katika kambi ya waliokimbia, pembeni mwa mji. Madamu akaacha chumba alichokuwa amepanga, akaenda kuishi nao chini ya turubai. Shuleni hakukosa hata siku moja. Nguo zake zilikuja na harufu ya moshi wa kuni, kicheko kikapungua, na hakuna aliyesema kitu. Mimi, Mungu ni shahidi, ule moshi sikuufikiria kabisa.

Nilifikiria tu kwamba anahitaji kitu kitamu. Nikaifunga chupa kwa karatasi ya daftari, na njia nzima toka nyumbani nilikariri la kusema: Madamu, weye unanuka muzuri nayo kuliko miye. Hilo tu kwanza. La kumpenda lingefuata.

Hapa lazima nieleze kitu. Kiswahili cha vitabuni kina maneno mawili: kibaya hunuka, kizuri hunukia. Sisi Bunia, tukiongea, tuna moja. Ua linanuka, beberu ananuka, mkate unanuka. Neno linalofuata ndilo linaloamua, muzuri ama mubaya. Juma lile lile nilikuwa nimewaandikia watoto ubaoni tofauti ya maneno hayo mawili, kwa majivuno makubwa.

Nilimkabidhi chupa asubuhi katika chumba cha walimu, wote wakiwepo. Nikasema: "Madamu, chukua. Weye unanuka..."

Muzuri ikabaki mdomoni. Direkta alikuwa ameinua macho. Mwenzetu mmoja akakohoa, na nadhani alikohoa kweli. Nje wakagonga ile rimu ya gari iliyokuwa kengele yetu, watoto wakapiga kelele. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Wangu hata haukujikwaa, ulikaa njiani.

Alichungulia chupa ndani ya karatasi, akatutazama sote, akaitia kwenye mfuko wake polepole. "Aksanti, mwalimu," alisema. "Nimesikia." Akaenda darasani.

Ningeweza kumfuata. Kati ya mlango wake na wangu hazikuwepo hatua kumi. Nilijiambia ameelewa, mtu gani wa Bunia asingeelewa? Kesho yake alikuja amejisugua, anatoa harufu ya sabuni tupu, akakaa peke yake karibu na dirisha. Kila asubuhi nywele zake zilikuwa bado mbichi. Marashi hakujipulizia hata mara moja, nami nikaona uchungu. Mimi! Nikasema moyoni kwamba zawadi yangu ameidharau. Tuliishi hivyo mpaka karibu na mitihani, mimi nimenuna, yeye anaoga.

Kisha akaacha kuja. Siku ya tatu mdogo wake alifika shuleni na barua ya kumuaga direkta. Mama yao alikuwa mgonjwa, wamepata ndugu katika mji wa Boga, dada ametangulia naye kwa lori. Alipokwisha kutoa barua alinifuata uwanjani, akatoa kile kifurushi cha karatasi ya daftari.

"Ni weye mwalimu wa malasi?"

Nikaitikia.

"Dada amesema nikurudishie. Anakushukuru." Alitaka kuondoka, lakini hasira ikamshinda. "Siye ku kambi tulikuwa tunapata bidoni moja ya maji kwa siku, watu watatu. Kila asubuhi anaamuka mbele ya jua kutoka, anapanga mustari, anaoga nusu yake. Mama iko na homa, anaomba maji. Dada anamwambia, mama, unisamehe, ku masomo wamesema nanuka."

Nilimweleza. Pale pale kwenye vumbi, mwanamume mzima, nikamwambia sentensi yote mpaka mwisho, na muzuri yake, na hata ile nyingine iliyokuwa ifuate. Sikuona haya. Haya yangu ilikuwa imeshafanya kazi yake.

"Ilibakia neno moja tu?" aliuliza.

"Moja tu."

"Na zile siku zote mulikuwa munaonana?"

"Kila asubuhi."

Aliniinulia macho. Alikuwa na macho ya dada yake.

"Dada nitamwambia," alisema. "Na mama je, nitamwambia nini?"

Akafunga kitenge chake vizuri, akaenda kupanda pikipiki iliyokuwa ikimngoja. Nilibaki nimeishika ile chupa kwa mikono miwili. Ilikuwa imefungwa vizuri, tena kwa karatasi yangu mwenyewe, na bado ilinuka.